Dawati la Kurejea Chuoni, Mtwara: Nenda Jumatatu, Usingoje Ijumaa

Likizo fupi ya katikati ya muhula ni ya wiki moja tu, lakini shughuli zinazomsubiri mwanafunzi anaporudi ni nyingi kuliko zile za wiki ya kufungua chuo. Matokeo ya jaribio la kwanza yamebandikwa. Jaribio la pili liko wiki tatu au nne mbele. Awamu ya pili ya karo inadaiwa, bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, linasubiri kusainiwa, barua za fildi (mafunzo kwa vitendo) zinaanza kutolewa. Chuo kimoja cha Manispaa ya Mtwara-Mikindani kimeyakusanya haya yote ukumbini kwa siku tano na kuyaita dawati la kurejea. Jina la chuo tunaliacha, kwa sababu madawati ya namna hii yanafanana na upungufu tutakaoueleza unapatikana vyuo vingi. Msomaji apime la chuoni kwake.

Hukumu yetu ni kwamba huduma hii inafaa, na inazidi kwa mbali ule utaratibu wa kuzunguka ofisi sita ukiambiwa kila mlango kwamba muhusika ametoka kidogo. Jambo linaloitofautisha na nyingine ni kwamba inamtafuta hata mwanafunzi ambaye hajarudi. Pale inapoanguka ni kwenye usiri, na anguko hilo si dogo.

Ukumbini kuna meza saba: fedha, mikopo, taaluma, malazi, afya na nasaha, serikali ya wanafunzi, na vikundi. Anza na fedha hata kama foleni yake ndiyo ndefu. Meza ya taaluma haigongi muhuri kabla haijaona karatasi ya fedha, na malazi nao hawatoi ufunguo bila muhuri huo. Wanaokimbilia foleni fupi hupanga mstari mara mbili.

Tatizo linaloongoza katika meza ya fedha ni lile linaloitwa "pesa haijasoma". Mzazi amelipa, risiti anayo, lakini kwenye akaunti ya mwanafunzi hakuna kitu. Sababu ni zile zile kila muhula. Amelipia kumbukumbu namba ya muhula uliopita, ambayo muda wake umekwisha. Au amekwenda benki akaandika jina lake mwenyewe, pasipo jina wala namba ya usajili ya mwanafunzi. Au amemtuma mtu kwa wakala, na tarakimu moja ikakosewa. Dawa yake ni risiti yenyewe au ujumbe wa simu wenye namba ya muamala, kiasi na tarehe. Picha ya risiti iliyotumwa kwa WhatsApp inakubaliwa iwapo mambo hayo matatu yanasomeka. Picha iliyokatwa juu, ikabaki na kiasi tu, haimsaidii mhasibu, maana hana cha kutafutia katika taarifa ya benki. Marekebisho huchukua siku moja au mbili za kazi. Ndiyo maana Jumatatu ni siku njema: akianza Jumatatu, Jumatano ana karatasi. Akianza Alhamisi, wiki nzima imempita.

Meza hiyo hiyo ndiyo yenye jambo tulilolipenda kuliko yote, nalo linahusu korosho. Mzazi wa Tandahimba, Newala au Masasi hapati fedha siku anayopeleka korosho. Anapima kwenye chama cha msingi, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu kusubiri mnada wa TANECU au MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vya huku, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, ndipo fedha inaingia katika akaunti ya mkulima. Kati ya mzani na benki zinaweza kupita wiki kadhaa. Minada huanza Oktoba na kushika kasi Novemba na Disemba, wakati ule ule ambao muhula wa kwanza unafika katikati. Kwa hiyo kuna wanafunzi wengi wa mikoa hii ambao karo yao ipo ghalani, imepimwa na ina karatasi, ila haijawa fedha. Dawati linalipokea hilo kama hoja. Mwanafunzi analeta nakala ya stakabadhi, barua ya ahadi yenye saini ya mzazi, na namba ya simu ya chama cha msingi ili mhasibu ahakikishe. Anapewa siku 30 na kibali cha kufanyia majaribio. Fomu ya kuiga kutoka vyuo vya Dar es Salaam isingekuwa na nafasi ya kuandika hayo. Aliyeitunga hii anaujua msimu.

Lakini aliujua nusu. Likizo fupi ya muhula wa pili huangukia karibu na Mei, na Mei hakuna mwenye stakabadhi ya korosho. Ufuta ndio kwanza unavunwa, minada yake hufunguka kuelekea Juni, mbaazi zinakuja baadaye zaidi, na mzazi yule yule anahitaji fedha ya kufyekea mikorosho na kupulizia salfa. Hata hivyo fomu inayotolewa Mei ni ile ile ya Disemba, ikidai stakabadhi ya korosho. Wahudumu hawana la kufanya ila kumwambia mwanafunzi akaongee na mkuu wa fedha, na foleni ya mkuu wa fedha haina mwisho. Marekebisho hayahitaji kikao kikubwa: fomu ya muhula wa pili itaje ufuta, ipokee barua ya chama cha msingi badala ya stakabadhi, na muda wa ahadi usogee hadi mwisho wa Juni. Kwa chuo kinachopokea watoto wa Kilwa, Ruangwa na Nachingwea, ambako ufuta unategemewa sana, hilo si la kuahirisha.

Meza ya mikopo inakwenda haraka kwa aliyejiandaa. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na awamu ya siku 60 inafanya 600,000. Haiingii bila mwanafunzi kusaini, na isiposainiwa kwa muda uliowekwa hurudishwa Bodi. Vikwazo vinavyojirudia ni laini ya simu iliyopotea likizoni, akaunti ya benki iliyolala kwa kutotumika, na majina ya benki yasiyolingana na yale ya cheti cha kidato cha nne. Ukibadilisha laini, mjulishe afisa mikopo kabla ya siku ya kusaini, kwa sababu siku yenyewe hana nafasi ya kukusikiliza.

Meza ya taaluma ndiyo inayookoa miaka ya watu, na mhudumu wake anastahili sifa kwa jambo moja: anapiga hesabu mbele ya mwanafunzi. Chukua kozi ambayo kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Jaribio la kwanza lina 15, la pili 15, kazi ya kuandika 10. Mwanafunzi amepata 4 katika jaribio la kwanza, anaona ameshadisko, yaani ameshaondolewa chuoni kwa kufeli. Mhudumu anamwandikia: chuo kinataka angalau 16 kati ya 40 ili uingie kwenye mtihani, unazo 4, zimebaki alama 25 za kugombea, unahitaji 12. Ukiingia na 16, mtihani unatakiwa kukupa 24 kati ya 60 ili ufike 40, ambayo ndiyo alama ya kufaulu. Hesabu hii ya dakika tatu hubadilisha uso wa mtu. Migawanyo ya alama hutofautiana kozi kwa kozi, kwa hiyo beba mwongozo wa kozi uliotolewa wiki ya kwanza, usitegemee kumbukumbu.

Kwa aliyekosa jaribio kwa ugonjwa, kinachotakiwa ni cheti cha hospitali inayotambulika chenye tarehe ya siku ile ile, na kifike idarani ndani ya siku zilizotajwa katika kanuni. Cheti kilichoandikwa wiki mbili baadaye huwa hakipokelewi, na mhudumu hana mamlaka ya kukipokea hata akikuonea huruma.

Halafu kuna kuahirisha masomo. Hapa tunaomba kila mzazi asome. Mwanafunzi aliyekwama kwa karo, ujauzito, ugonjwa au msiba ana haki ya kuomba kuahirisha muhula au mwaka. Barua inapita kwa mkuu wa idara, inakwenda kwa naibu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma, na lazima majibu yatoke kwa maandishi kabla ya mitihani. Anayekopeshwa anampa afisa mikopo nakala ili Bodi ijue kasimama kwa ruhusa. Wengi hawafanyi hivyo. Wanabaki nyumbani kimya wakiamini nafasi yao ipo, kumbe kwenye kumbukumbu za chuo wamehesabiwa kuwa wameacha masomo. Wanarudi mwaka unaofuata na kukuta jina halipo. Tofauti kati ya aliyeahirisha na aliyehesabiwa kuwa ameacha ni barua ya ukurasa mmoja.

Ndiyo sababu tunalisifu dawati hili kwa kuwatafuta wasiorudi. Jumatano jioni kila kiongozi wa darasa analinganisha orodha ya mahudhurio na ile ya kabla ya likizo. Majina yaliyokosekana yanapigiwa simu jioni hiyo hiyo na kiongozi mwenyewe, si na ofisi, na swali lenyewe ni la kawaida: uko wapi, unakwama wapi? Ijumaa asubuhi orodha inafika kwa mshauri wa wanafunzi ikiwa imegawanywa: wako njiani, wanaumwa, wamekwama kwa karo, hawapatikani. Wa kundi la mwisho wanatafutwa kupitia namba ya mzazi. Kupigiwa na mwenzako wa darasani kuna uzito wake. Mtu humweleza rafiki kwamba nauli imemshinda; ofisini atasema anaumwa. Vyuo vinavyosubiri wiki ya mitihani ndipo vigundue nani hayupo vinakuwa vimechelewa kumsaidia.

Kundi la "wako njiani" lina historia yake Kusini. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na barabara ni ile moja ya kupita Kibiti, Nangurukuru na Lindi. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga, Kilwa, na magari yakalala njiani. Mwanafunzi aliyekwama kwa namna hiyo alinde tiketi ya basi na amtumie ujumbe kiongozi wa darasa kabla ya saa ya jaribio. Ujumbe wa kabla ni taarifa. Wa baada ya jaribio huonekana ni kisingizio. Aidha, wakati wa masika, kurudi Jumapili ni kujitafutia matatizo. Rudi Ijumaa au Jumamosi.

Tunafika kwenye afya na nasaha. Upande wa afya uko sawa. Wanakagua kama jina lako limo katika orodha ya bima ya NHIF, ambayo kwa mwanafunzi ni shilingi 50,400 kwa mwaka, na wanakueleza uanzie kituo kipi kabla ya kufikiria Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Kuna kipimo cha malaria, jambo la maana kwa sababu wengi wanarudi na homa walizotoka nazo vijijini. Anayepewa dawa mseto anahesabiwa vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa amepata nafuu humwona tena muuguzi huyo huyo wiki ya jaribio.

Nasaha ndiko tunakoshindwa kuvumilia. Mnasihi ni mmoja na anaketi kwenye chumba cha pembeni mwa ukumbi ambacho mlango wake unabaki wazi kwa ajili ya joto. Mlangoni kuna daftari: jina, namba ya usajili, saa, na safu ya "sababu ya kuja". Daftari liko wazi. Anayesaini wa kumi anasoma sababu za tisa waliomtangulia. Matokeo yake yanaonekana kwenye daftari lenyewe: karibu kila mstari umeandikwa "ushauri wa masomo". Binti aliyebebeshwa mimba likizoni, kijana asiyelala usiku, aliyefiwa na mlezi wake, wote wanaandika hivyo au hawaingii kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata pasipo sheria, heshima inatosha. Safu ya sababu ifutwe, namba ya foleni itumike badala ya jina, mlango ufungwe na feni iwekwe. Gharama yake ni feni moja.

Chumba hicho hicho ndicho kinachopokea malalamiko ya dawati la jinsia, na hilo linazidisha uzito. Mwanafunzi aliyeambiwa na mwalimu kwamba alama zake "zinazungumzika" hawezi kuandika hivyo kwenye daftari la mlangoni. Kudai ngono kwa kutumia madaraka ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Namba hiyo ibandikwe kila mlango wa choo cha hosteli, mahali ambapo mtu anaisoma akiwa peke yake. Kwenye ukumbi wa dawati hatukuiona popote.

Vikundi vinachukua ukuta mzima wa nyuma: jumuiya za dini, klabu ya kupinga rushwa, Msalaba Mwekundu, mazingira, mpira wa miguu na netiboli, mdahalo. Chuo kinaviweka hapa kwa hesabu nzuri. Mwanafunzi mwenye kikundi ana watu wa kumuuliza yuko wapi, kwa hiyo simu ya Jumatano humkuta ameshatafutwa. Lakini vikundi vyenyewe havifanani. Vingine vinaandikisha majina mia kwenye daftari na hakuna anayepigiwa. Kipimo chetu ni rahisi: uliza utafanya nini wiki hii. Klabu ya mdahalo ilikuwa na jibu, mgeni anatunza saa kwenye mdahalo wa kwanza na anazungumza wa pili. Netiboli nao walikuwa nalo, mazoezi ni saa 11 jioni na mgeni anapangwa zamu ya kuleta maji na mipira. Mtu mwenye kazi anarudi kesho yake. Mwenye jina kwenye daftari harudi. Viwili vinatosha, kimoja cha kukulea na kimoja cha kukufundisha kitu. Wanaojiunga vitano huviacha vyote majaribio yakikaribia.

Kasoro ya vikundi ni saa. Karibu vyote vinakutana saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, muda unaowafaa wa hosteli. Wanaoishi mageto ya Chuno, Magomeni au Mikindani, ambako ni kama kilomita kumi kutoka mjini, wanalazimika kuchagua kati ya kikundi na usafiri wa kurudi. Bajaji ya usiku inakula chakula cha siku. Kwa wasichana kuna suala la usalama ambalo hakuna aliyelitaja mezani. Jumamosi asubuhi ingewapa nafasi wote, na vimbweta, yale madawati ya nje ya kujisomea, vinakuwa wazi.

Tukitaja vimbweta: serikali ya wanafunzi inapanga vikundi vya diskasheni vya watu watano au sita kwa kozi zenye sapu (mitihani ya marudio) nyingi, kila kikundi kikiwa na mmoja aliyefaulu vizuri jaribio la kwanza. Ni mpango mzuri. Vikizidi wanane vinageuka lekcha ya mtu mmoja, na hapo wengine wanasubiri madesa, yaani notisi za kunakili, tu.

Malazi hayana mengi. Ufunguo unapatikana siku hiyo hiyo. Kubebana, yaani kumlaza chumbani mwenzako asiyepangiwa, kunaendelea, kila mtu anajua, na dawati halikusema lolote kuhusu hilo.

Barua za fildi zinaombwa katika meza ya taaluma, na hapa watu wanapoteza nafasi kwa kuchelewa. Omba nakala nne. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Bandari ya Mtwara, halmashauri na vyama vikuu vya ushirika ni mahali ambapo mwanafunzi wa hapa huanzia, na kila ofisi inapokea idadi inayoimudu. Barua iandikwe cheo cha mkuu wa taasisi kwa usahihi, itaje kozi, mwaka wa masomo na tarehe za kuanza na kumaliza. Isiyo na tarehe huwekwa kando hadi mwenyewe arudi kuuliza. Peleka kwa mkono, pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha ulizia baada ya wiki mbili. Wanafunzi wa ualimu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wao wanajaza shule tatu kwa mpangilio, na wanaotaka Masasi au Newala waandike pia mahali watakapolala.

Dawati linafunguliwa saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ijumaa linafungwa saa 6 kwa ajili ya swala na halifunguliwi tena, jambo ambalo tangazo lililobandikwa halisemi. Beba kitambulisho cha chuo, cha NIDA au namba yake, kadi ya benki, risiti za karo za mihula yote ya mwaka huu, mwongozo wa kila kozi, na nakala mbili za kila karatasi, kwa sababu mashine ya kudurufu ya ukumbini hufanya kazi asubuhi tu na duka la stesheneri la getini hujaa kuanzia saa 4.